Matumbawe ndani ya tangi: Kinachokuza ni kipimo, si wingi wa mbolea

KATIKA miji iliyo mbali na bahari, kama Munich nchini Ujerumani na Denver nchini Marekani, wapo watu wanaofuga matumbawe sebuleni. Tangi la kioo la lita 200 au 300 hujazwa maji ya chumvi, huwekewa mawe, pampu na taa, kisha ndani yake hupandwa vipande vidogo vya matumbawe vilivyogundishwa kwenye vigae.

Kwa wengi wao hiyo ni burudani, sawa na mtu anayepanda maua uani kwake. Lakini kwa baadhi ni biashara ndogo. Kipande kikikua hukatwa, kinachobaki huendelea kukua, na kilichokatwa huuzwa kwa mfugaji mwingine. Kwa hiyo swali linalowashughulisha ni lile lile la kila mkulima: zao likuzwe vipi ili litoke haraka?

Jibu lake lina funzo hata kwa mkulima wa mahindi au nyanya ambaye hajawahi kuona tangi la namna hiyo. Aidha, linawagusa moja kwa moja watu wa mwambao wa Afrika Mashariki, kwa sababu wao matumbawe wanayo baharini, hatua chache kutoka nyumbani, na ndiyo yanayowapa samaki.

Mnyama, mmea na mawe

Tumbawe ni mnyama, ingawa lina tabia za mmea na umbo la jiwe. Kila tumbawe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja na mdomo wake na mikono midogo ya kukamatia chakula. Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia polipu hutoka kwa mpangaji wake huyo.

Chini yake polipu hujenga mfupa wa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa mawe. Ni mawe hayo hayo ambayo mafundi wa zamani waliyatumia kujengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Kasi ya ujenzi hutofautiana kwa aina. Matumbawe yenye matawi kama pembe, ya jamii ya Acropora, yanaweza kurefuka kwa sentimita 10 au zaidi kwa mwaka yakiwa mahali pazuri. Yale ya mviringo kama bonge la jiwe, ya jamii ya Porites, huongezeka kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Mfugaji anayetaka mavuno ya haraka huanza na kuchagua aina, kama mkulima anayechagua kati ya mchicha na mnazi.

Ubao mfupi wa pipa

Wanafunzi wa kilimo hufundishwa kanuni iliyoenezwa na mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, katika karne ya 19. Inasema kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Mfano wake maarufu ni pipa la mbao ambalo mbao zake hazilingani urefu. Maji hayawezi kupanda zaidi ya ubao ulio mfupi, hata ungerefusha mbao nyingine zote.

Tumbawe linafuata kanuni hiyo hiyo. Linahitaji mwanga, mkondo wa maji, joto la wastani, kalsiamu, kaboneti, magnesiamu na chakula kidogo. Mfugaji anayenunua taa kali zaidi wakati maji yake yana upungufu wa kaboneti amefanya kama mkulima anayemwaga mbolea ya kukuzia kwenye shamba lisilo na mvua. Fedha imetoka na mmea umeungua.

Ndiyo maana wafugaji wazoefu hawaanzi na kununua kitu, bali huanza na kupima. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Chumvi iwe takriban gramu 35 katika kila kilo moja ya maji, kama ilivyo katika bahari nyingi. Kalsiamu iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na magnesiamu karibu miligramu 1,300 kwa lita. Kaboneti hupimwa kwa digrii zinazoandikwa dKH. Maji ya bahari yana takriban digrii 7, na wafugaji wengi huweka kati ya 8 na 9.

Maji ya bomba hayatumiki moja kwa moja. Huchujwa kwanza hadi yabaki bila madini, halafu huchanganywa na chumvi maalumu ya matangi yenye madini yote ya bahari. Chumvi ya mezani haifai.

Hesabu ya chokaa

Tuchukue tangi la lita 200. Mfugaji anapima kaboneti leo asubuhi na kukuta digrii 8. Haongezi kitu. Kesho yake saa ile ile anapima tena na kukuta digrii 7. Maana yake ni kwamba viumbe wa tangi wametumia digrii moja kwa siku.

Digrii moja katika lita moja ni sawa na karibu miligramu 18 za chokaa mawe. Ukizidisha kwa lita 200 unapata takriban gramu 3.6 kwa siku. Kwa mwezi ni zaidi ya gramu 100, na kwa mwaka ni kilo 1.3 za mawe mapya ndani ya tangi moja la sebuleni. Sehemu ndogo huchukuliwa na konokono na mwani wa waridi unaoota juu ya mawe, lakini nyingine yote ni matumbawe.

Hesabu hiyo ndiyo kitabu cha mapato cha mfugaji. Matumizi ya kaboneti yakipanda kutoka digrii nusu hadi digrii moja kwa siku, matumbawe yameongeza kasi. Yakishuka ghafla, kuna tatizo, hata kama rangi bado inapendeza.

Kwa nini ipimwe kaboneti na si kalsiamu? Digrii moja ya kaboneti inapotumika, kalsiamu hupungua kwa miligramu 7 tu katika kila lita. Katika miligramu 420, hiyo haifiki asilimia mbili, na vipimo vya nyumbani huona tofauti hiyo kwa shida. Lakini digrii moja katika nane ni zaidi ya asilimia 12. Kwa hiyo kaboneti hupimwa kila siku au kila baada ya siku mbili, na kalsiamu inatosha mara moja kwa wiki.

Kilichotumika lazima kirudishwe, na hapa gharama ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kurudisha digrii moja katika lita 200 kunahitaji takriban gramu 6 za sodiamu baikaboneti, ambayo ni soda ile ile ya kuokea mikate. Upande wa kalsiamu unahitaji karibu gramu 5 za kalsiamu kloridi. Viwili hivyo huyeyushwa katika vyombo tofauti na kumiminwa kwa nyakati tofauti, kwani vikikutana vikiwa vikali hugeuka kuwa unga mweupe unaozama chini bila faida kwa tumbawe. Magnesiamu ikipungua, unga huo hutokea kwa urahisi zaidi. Kwa kuwa njia hii huacha chumvi ya ziada majini, sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara.

Njia nyingine ya zamani ni maji ya chokaa, iliyoenezwa miongoni mwa wafugaji wa Ulaya na Peter Wilkens. Gramu moja na nusu hivi ya kalsiamu haidroksaidi safi huyeyushwa katika lita moja ya maji yasiyo na chumvi, na maji hayo hudondoshwa polepole kufidia yale yaliyopotea kwa mvuke. Huongeza kalsiamu na kaboneti kwa pamoja. Hata hivyo, maji hayo ni makali, yanaunguza ngozi na macho, na yakimwagwa kwa mkupuo yanaweza kuua kila kilichomo. Chokaa ya kujengea haifai kwa kuwa ina uchafu.

Mwanga, mkondo na chakula

Mwaka 1959, mtafiti Thomas Goreau, aliyefanya kazi Jamaica, alionyesha kwamba matumbawe hujenga mfupa haraka zaidi kwenye mwanga kuliko gizani. Tangu hapo mwanga umepewa nafasi ya kwanza, na wapo wanaodhani ukiongezwa tu kila kitu kitakwenda sawa.

Ukweli ni kwamba mwani ulio ndani ya polipu una kikomo chake. Ukishafika hapo, mwanga wa ziada haujengi chochote, na ukizidi sana huwaumiza wote wawili. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha. Taa mpya huanza na nguvu ndogo na kuongezwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kama miche inavyozoeshwa jua kabla ya kuhamishiwa shambani.

Mkondo wa maji husahaulika kwa urahisi. Tumbawe halitembei. Hewa, madini na chakula lazima viletwe, na uchafu lazima uondolewe. Tangi lenye madini kamili lakini maji yaliyotulia ni sawa na ghala lililojaa huku barabara imekatika. Mkondo unaofaa hubadilika mwelekeo, haupigi upande mmoja tu.

Chakula nacho kina nafasi yake. Usiku polipu hutoa mikono na kukamata viumbe wadogo wanaoelea. Majaribio yaliyofanywa na kituo cha sayansi cha Monaco yalionyesha kwamba matumbawe yaliyolishwa yalijenga mfupa haraka kuliko yale yaliyoachwa na mwanga peke yake. Lakini chakula kikizidi huoza na kuongeza naitreti na fosfeti. Fosfeti ikiwa nyingi huzuia ujenzi wa mfupa na kuotesha mwani mbaya unaofunika matumbawe. Ikikosekana kabisa, tumbawe hupauka na kudhoofika. Kinachotafutwa ni kidogo kinachopimika.

Hata hewa ya nyumbani huhesabika. Katika nchi za baridi madirisha hufungwa kwa miezi, na hewa chafu ya watu ndani ya nyumba huyeyuka katika maji na kuyafanya yaelekee kwenye uchachu, hali inayopunguza kasi ya ujenzi. Baadhi ya wafugaji huingiza mpira wa hewa kutoka nje ya nyumba hadi kwenye mtambo wa kutoa povu. Mpira huo wa bei ndogo unaweza kuwa na faida kuliko dawa ya chupa ya bei kubwa.

Haraka inayoua

Tatizo kubwa la mfugaji mpya ni kutaka kurekebisha kila kitu kwa siku moja. Anapima, anakuta digrii 6, anamwaga soda hadi digrii 10 kabla ya kulala. Asubuhi ncha za matawi zimekuwa nyeupe na nyama imeanza kuchubuka. Namba alizozitafuta amezipata, lakini tumbawe limekufa.

Ushauri unaotolewa na wazoefu ni kutopandisha zaidi ya digrii moja kwa siku, na wengi huona nusu digrii ni salama zaidi. Tangi linalokaa kwenye digrii 8 mwaka mzima hukuza vizuri kuliko linalopanda hadi 11 na kushuka hadi 7 kila wiki, kwa kuwa kila badiliko humlazimisha mnyama atumie nguvu kujirekebisha badala ya kujenga. Kwa sababu hiyo wenye matangi makubwa hutumia pampu ndogo inayodondosha dawa mara nyingi kwa siku, kila mara kiasi kidogo.

Umeme nao uingizwe kwenye hesabu. Taa ya wati 150 ikiwaka saa 10 hutumia uniti 45 kwa mwezi. Pampu za jumla ya wati 40 zinazofanya kazi usiku na mchana hutumia karibu uniti 29. Jumla ni uniti 74 kabla ya kuhesabu kipasha joto cha wakati wa baridi. Katika miaka ya 2020 familia nyingi za Ujerumani zimelipa zaidi ya senti 30 za euro kwa uniti moja, yaani zaidi ya euro 20 kwa mwezi kwa taa na pampu tu. Tumbawe linalodumaa hula umeme ule ule wa linalokua.

Kukata ili kuzidisha

Mkulima wa muhogo hasubiri mbegu. Hukata shina vipande na kila kipande huwa mmea. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989, nao hufunga vipande kwenye kamba na kuvuna vilivyokua. Tumbawe huzidishwa hivyo hivyo.

Mwaka 2006, David Vaughan wa maabara ya Mote huko Florida, Marekani, aligundua kwa bahati kwamba vipande vidogo sana vya tumbawe, vya ukubwa wa kama sentimita moja, vilipona na kutanuka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Njia hiyo imetumika tangu wakati huo kwa matumbawe ya mviringo yanayokua taratibu.

Hesabu rahisi inasaidia kuona sababu mojawapo. Tumbawe linalotambaa hutanuka kwenye ukingo. Chukua kipande cha duara chenye upana wa sentimita 4, na tuseme kinatanuka milimita moja kila upande kwa mwezi. Eneo lake litaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Sasa chukua eneo lile lile likiwa katika vipande 16 vya sentimita moja moja. Vikitanuka milimita ile ile, eneo la jumla litaongezeka kwa asilimia 44, kwa kuwa ukingo umekuwa mara nne. Vikipandwa karibu karibu, vipande vya tumbawe moja hukutana na kuungana tena.

Hata hivyo, kila mkato ni jeraha. Kipande kikiwa kidogo mno, au maji yakiwa hayajatulia, kitakufa. Mfugaji mwenye busara hukata pale tu vipimo vyake vimetulia kwa wiki kadhaa, na hubakiza tumbawe mama.

Nani anabaki na faida?

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapaswa kutazama kwa makini. Tumbawe lililovunjwa baharini huuzwa mara moja. Aliyelinunua, kama anajua kulikuza, hulikata na kuuza vipande vyake mwaka baada ya mwaka. Muuzaji wa kwanza ameuza mbegu kwa bei ya zao, na mwamba wake umepungua.

Matumbawe ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Maana yake ni kwamba hayawezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Indonesia, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilisimamisha usafirishaji mwaka 2018 na kuufungua tena mwaka 2020 kwa matumbawe yaliyokuzwa. Wafugaji waliokuwa na vipande vyao wenyewe majumbani hawakuhitaji kusubiri ndege. Katika visiwa vya Solomon, wanavijiji wamekuza vipande vya matumbawe katika maji ya kina kifupi kwa ajili ya soko hilo, bila umeme, kwa jua na mkondo wa bahari.

Kwa mwambao wetu, thamani kubwa ya ujuzi huu kwa sasa haiko katika kuuza nje bali katika kurudisha miamba. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe. Huko Jambiani, Zanzibar, na katika eneo la Wasini na Shimoni kusini mwa pwani ya Kenya, watafiti na wanajamii wamekuwa wakikuza vipande katika vitalu vya baharini na kuvipanda kwenye miamba iliyoharibika. Kazi yao ni ile ile ya mfugaji wa Munich, ila hawana kitufe cha kupunguza joto.

Kwa hiyo anayefikiria kuingia katika shughuli hii aanze na mambo matatu. Kwanza, aulize ofisi ya uvuvi ya eneo lake kuhusu vibali kabla ya kugusa tumbawe lolote, kwani ndani ya hifadhi za bahari kuvunja hakuruhusiwi kabisa. Pili, ajifunze kupima na kuandika kila siku, kwa sababu bila daftari hatajua ubao upi wa pipa lake ni mfupi. Tatu, asinunue dawa ya kukuzia kabla ya kujua kilichopungua. Mara nyingi kilichopungua ni soda ya gramu sita na subira ya wiki sita.